Nani Hubeba Mtikiso? Shokapu, Gari la Familia na Historia ya Njia Mkoani Kigoma

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya usafiri wa nchi kavu mkoani Kigoma kupitia kifaa kimoja cha gari, yaani shokapu. Hoja yake ni kwamba mtikiso wa njia mbovu haukuondoka kwa miaka mingi, bali ulihamishwa: kutoka mabegani mwa wapagazi wa karne ya 19, ukakwepwa kwa reli ya wakoloni, kisha ukaangukia mfuko wa familia yenye gari. Insha inaonesha pia kwamba ujio wa lami haukuifanya shokapu iliyochakaa kuwa jambo dogo. Uliigeuza kutoka gharama kuwa hatari.

1.0 Utangulizi

Historia ya barabara nchini Tanzania imezoea kuandikwa kuanzia kwenye jiwe la msingi na kuishia kwenye utepe unaokatwa na mgeni rasmi. Kati ya matukio hayo mawili mwanahistoria huhesabu kilomita, wafadhili na wakandarasi. Uandishi wa namna hii una manufaa yake, lakini unaiacha nje miaka yote ambayo barabara nzuri haikuwepo na watu wakasafiri vilevile. Katika Mkoa wa Kigoma miaka hiyo ndiyo mingi. Swali la insha hii basi ni hili: pale ambapo njia haikutengenezwa, mtikiso wake ulibebwa na nani, na kwa gharama gani?

Ili kulijibu swali hilo insha inafuata kifaa ambacho si rahisi kukikuta katika faharasa ya kitabu cha historia. Mafundi wa gereji za Kigoma mjini na Ujiji hukiita shokapu. Wapo pia wanaosema shokomzoba. Nimechagua neno la kwanza kwa kuwa ndilo lililozungukwa na msamiati hai wa kazi. Shokapu “huvuja”, kisha “hufa”, na gari lenye shokapu zilizokufa “linadunda”. Lugha hii haina mapambo, na ni sahihi zaidi kuliko tafsiri nyingi za vitabuni, kwa sababu inaeleza uchakavu kama mwendo wa hatua kwa hatua na si tukio la siku moja.

Yafaa kueleza kazi ya kifaa chenyewe, maana hoja yote inasimama juu yake. Springi peke yake haitoshi. Gurudumu linapoingia shimoni springi hujikunja, kisha hujikunjua na kulirusha gari juu, na ingeendelea kupanda na kushuka mara kadhaa kama isingezuiwa. Kuizuia ndiyo kazi ya shokapu. Ndani ya bomba lake mna oili na pistoni. Pistoni inaposogea huilazimisha oili kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mruko hugeuka joto. Springi huahirisha pigo, shokapu hulimaliza. Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalitumia vifaa vya msuguano kwa kazi hiyo. Vya oili vikaenea kati ya vita kuu mbili za dunia. Na katika miaka ya 1950 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon akaleta shokapu yenye gesi ya shinikizo ambayo huizuia oili isifanye povu inapopata joto. Povu hilo si jambo la nadharia tu. Katika barabara ya vumbi yenye mikunjo kama ya bati, shokapu hupiga mamia ya mapigo kwa dakika, oili hupata moto, huanza kutoa povu, na kwa muda gari huwa kama halina shokapu kabisa, hata kama zilizofungwa ni mpya.

2.0 Mabega kabla ya springi

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa njia ya miguu. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 hawakufika kwa gurudumu, wala Henry Morton Stanley alipokutana na David Livingstone mjini humo mwezi Novemba 1871. Stanley alikuwa amejaribu. Alitengeneza kigari chembamba cha kubebea mizigo, akakitelekeza njiani. Sababu za kushindwa kwa magurudumu zinajulikana: mbung'o waliwaua wanyama wa kuvuta, na njia ilikuwa na upana wa mtu mmoja anayemfuata mwenzake. Wamisionari wa London Missionary Society walirudia jaribio hilo kwa ukubwa zaidi mwaka 1877 kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani, na ng'ombe wakafa. Kundi lao lilifika Ujiji mwaka 1878 kwa msaada wa wapagazi, kama wote waliolitangulia.

Katika kundi hilo alikuwemo baharia Edward Coode Hore, na ni familia yake inayotupa kisa cha karibu zaidi na mada yetu. Mkewe, Annie Hore, alichapisha mwaka 1886 kitabu kuhusu safari yake ya kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika akiwa na mtoto wao mdogo wa kiume, akisafirishwa katika kiti cha magurudumu cha aina waliyotumia wagonjwa wa Uingereza. Walifika Ujiji mwanzoni mwa 1885. Wasomaji wa Ulaya walivutiwa na ujasiri wa mama. Msomaji wa historia ya usafiri atavutiwa na jambo jingine, kwamba kiti kile kilifika kwa sababu kilibebwa, watu wakipokezana kwa zamu. Gurudumu lilibaki jina tu la chombo.

Hapa ndipo nadhani dhana ya mtikiso inapoonesha uwezo wake. Mtu anayebebwa kwenye kiti au machela hapati mapigo ya ardhi kama yalivyo. Goti la mpagazi hujikunja, bega hushuka, mti wa machela hunesa, na mwili wa mbebaji hupoteza nguvu ya kila hatua mbaya kabla haijamfikia aliyekaa. Kwa lugha ya gereji, springi ilikuwa mti na shokapu ilikuwa binadamu. Naye binadamu huyo alichakaa: mabega yenye sugu, magoti yaliyokwisha, na wengine kuachwa njiani kwa ugonjwa. Historia ya wapagazi imeandikwa vizuri kama historia ya kazi, ujira na biashara ya pembe za ndovu. Kwa upande wetu inatosha kuongeza kwamba ilikuwa pia historia ya kuuza ulaini wa safari, ambapo msafiri mmoja alistarehe kwa kiasi kilekile ambacho mwingine aliumia.

3.0 Reli na ukimya wa barabara

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Stesheni ya Wajerumani iliyojengwa juu ya bandari bado inasimama, na bado ni jengo zuri kuliko mengi yaliyofuata. Kwa reli, mtikiso ulikwepwa: chuma juu ya chuma, juu ya tuta lililosawazishwa, kwa zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Kigoma ikaupita Ujiji, mji mkongwe ulio umbali wa kilomita chache kusini-mashariki, ambao bandari yake ilikuwa inazidi kukauka.

Lakini reli ilikuwa na matokeo mengine. Serikali ya Waingereza, iliyoirithi, haikuwa na hamu ya kujenga barabara zilizoshindana nayo kwa mizigo na abiria. Isitoshe, Kigoma ilihesabiwa kuwa hazina ya nguvu kazi. Vijana wa Buha walisafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kama manamba, na baada ya 1944 uandikishaji wao uliratibiwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge. Mkoa uliotakiwa kutoa watu, na si mazao mengi, haukuonekana kuhitaji barabara. Mtu hujipeleka stesheni kwa miguu yake. Ukimya wa barabara za Kigoma katika mafaili ya wakati huo usichukuliwe kuwa uzembe wa maofisa, ulikuwa sera.

Ukitaka kuona tofauti ya kumbukumbu baina ya mashine kubwa na ndogo, linganisha na meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli. Kila matengenezo yake yana tarehe, gharama na picha. Gari dogo lililopeleka familia kutoka Mwanga hadi Kasulu kwenye msiba, likarudi na shokapu mbili zimevuja, halina faili popote. Na kwa wakazi wa vijiji vya mwambao, kuanzia kaskazini kuelekea Gombe hadi kusini kuelekea Mahale, gari halikuwepo kabisa. Chombo chao cha familia kilikuwa, na katika sehemu nyingi bado ni, boti ya mbao, ambamo pigo la wimbi hupokelewa na uti wa mgongo wa abiria bila kipunguzi chochote.

4.0 Gari la familia na bei ya njia

Gari la kwanza kuzoeleka katika barabara za ndani za Kigoma halikuwa la familia. Lilikuwa Land Rover ya serikali, ya misheni au ya shirika. Muundo wake una maana kwetu. Springi zake zilikuwa za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na msuguano baina ya majani hayo wenyewe hutuliza sehemu ya mruko. Land Rover yenye shokapu zilizokufa iliwatesa abiria, lakini ilitembea na kugeuka. Ilikuwa mashine inayosamehe. Hadhi ya gari dogo imara ikachukuliwa na Peugeot 404, ambayo Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, aliiendesha na kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967. Mashindano yale yalikuwa, pamoja na mengine yote, mtihani wa hadharani wa shokapu na springi, na matokeo yake yalizungumzwa na watu ambao hawakuwa na matarajio ya kumiliki gari lolote.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa fedha za kigeni zilipopungua katika miaka ya 1970, gari binafsi likawa kitu cha kutunzwa kwa sababu lisingepatikana jingine. Uagizaji wa magari uliwekwa chini ya State Motor Corporation. Bei ya mafuta ilipopanda tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vikaligharimu taifa, uhaba wa spea uliingia kila gereji. Zipo familia zinazokumbuka marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili alasiri. Katika mazingira hayo shokapu haikubadilishwa, ilifufuliwa. Bomba lilitobolewa, oili ikamwagwa na kujazwa nyingine, tundu likachomelewa. Ufundi huu unastahili heshima kama ubunifu wa wakati wa dhiki, lakini tusiupambe. Oili iliyopatikana mara nyingi haikuwa na uzito unaofaa, na sili iliyokwisha kuliwa na vumbi ilivuja tena. Kilichorejeshwa kilikuwa muda mfupi, si kifaa.

Bajeti ya 1984 iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mageuzi ya uchumi ya 1986, yalibadili hali hiyo. Magari yaliyotumika yakaanza kuingia, na kufikia miaka ya 2000 gari la familia nchini Tanzania lilikuwa kwa kawaida Toyota iliyotoka Japani. Sababu yake nusu iko huko huko Japani, ambako ukaguzi wa lazima wa magari, unaorudiwa kila baada ya miaka miwili gari linapotimiza miaka mitatu, huwafanya wenye magari wayauze mapema. Gari hilo lilifika Dar es Salaam likionekana jipya. Chini yake, hata hivyo, mlikuwa na shokapu zilizokwisha kutumika kwa miaka mingi, nazo zilipangwa tangu kiwandani kwa ajili ya lami laini na abiria wachache. Matoleo ya Toyota yaliyotengenezwa kwa masoko yenye barabara mbovu yalikuwa na springi na shokapu ngumu zaidi. Haya ya soko la ndani la Japani hayakuwa nazo.

Kulikuwa na badiliko jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii, ingawa halionekani kwa macho ya mpita njia. Magari madogo ya kisasa yametumia kwa mbele mfumo uliobuniwa na mhandisi wa Marekani Earle MacPherson, ambamo shokapu imeingizwa ndani ya springi ya koili na ni sehemu ya mwili wa gari unaoshika gurudumu. Shokapu ya namna hii haitulizi mruko tu, bali gurudumu la mbele husimama na kugeuka kwa kuitegemea. Ikilegea, usukani unalegea nayo, na tairi huliwa kwa mabaka. Kuibadilisha si kufungua nati mbili. Springi lazima ibanwe kwa kifaa maalumu kabla ya kuifungua juu, kwa kuwa ikichomoka yaweza kumvunja fundi taya au kumuua. Hivyo, katika miaka ileile ambayo gari lilikuwa rahisi kupatikana, kulitunza katika barabara ya changarawe kulizidi kuwa ghali na kwa hatari zaidi kwa fundi. Mashine inayosamehe ilikwisha kuondoka.

Kwa Kigoma gharama hiyo ilizidishwa na umbali. Soko la spea la nchi liko Kariakoo, na kila shokapu iliyofika Kigoma ilisafiri karibu nchi nzima, kwa treni au kwa basi lililopita katika barabara zilezile zinazoua shokapu. Miaka ya 1990 wakimbizi kutoka Burundi na Zaire walipoingia mkoani kwa wingi, mashirika ya misaada yalikuja na Land Cruiser nyingi na karakana za kuzihudumia. Magari hayo yalibadilishwa vifaa kwa ratiba na bajeti. Gari la mwalimu au la mfanyabiashara wa dagaa lililopita barabara hiyohiyo halikuwa na ratiba wala bajeti.

Uamuzi wa familia kuhusu shokapu una sura yake. Gari lenye betri iliyokufa haliwaki, na lenye tairi iliyopasuka haliendi. Kwa hayo fedha hutafutwa siku hiyohiyo. Gari lenye shokapu zilizokufa huwaka na huenda. Uchakavu wake ni wa polepole kiasi kwamba dereva huuzoea bila kujua, hupunguza mwendo kidogo, hushika usukani kwa nguvu zaidi, na husema barabara imeharibika kuliko mwaka jana. Dalili zipo: alama za oili kwenye bomba, pua ya gari kuinama sana breki inaposhikwa, na kona ya gari kuendelea kupanda na kushuka baada ya kukandamizwa kwa mkono na kuachiwa. Lakini ada ya shule haisubiri, na shokapu husubiri. Anayelipa tofauti hiyo kwanza si mwenye fedha aliyekaa mbele, ni aliyekaa nyuma juu ya ekseli, ambaye mara nyingi ni mama mwenye mtoto mapajani, au bibi anayepelekwa hospitali ya Maweni.

Pale ambapo uamuzi ulifikiwa, njia zilikuwa kadhaa na kila moja ilikuwa na hesabu yake. Shokapu ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari la Japani, ilikuwa halisi na nafuu, ila umri wake haukujulikana. Fundi aliipima kwa kuikandamiza na kutazama kasi ya kurudi kwake. Mpya ya kiwanda kinachojulikana ilidumu, lakini bei ya mbili ilikaribia kitu ambacho familia ingekiita mtaji. Mpya ya bei rahisi ilikuwa kamari, kwa kuwa boksi lenye jina kubwa si ushahidi wa kilichomo. Wengi walinunua moja tu, ile iliyovuja. Kiufundi hilo ni kosa linalofahamika na kila fundi, maana ekseli yenye shokapu moja ngumu na nyingine dhaifu hulivuta gari upande mmoja linapofunga breki; kiuchumi ni hesabu ya mtu mwenye fedha ya moja.

Kisha ikaja fasheni ya kuliinua gari, ambayo ninaona ni vigumu kuitetea. Ili gari dogo lisiguse mawe, spesa huwekwa juu ya springi, au springi ngumu zaidi hufungwa, huku shokapu ya zamani ikibaki. Gari lililobeba madumu ya mawese, gunia la maharage ya Kasulu na watu sita hupata kweli nafasi chini yake. Lakini springi ngumu hurudisha pigo kwa nguvu zaidi, na inahitaji shokapu ngumu zaidi ya kuituliza; shokapu ile ya zamani, ikifanya kazi karibu na mwisho wa urefu wake, hufa upesi. Kuboresha kwa nusu kulizalisha safari nyingine ya kwenda gereji. Waliobadilisha springi na shokapu kwa pamoja walilipa zaidi siku ile, na kidogo zaidi kwa miaka iliyofuata, lakini hesabu hiyo humfaa mwenye uwezo wa kulipa siku ile.

Hapa inafaa kutaja sheria. Mfuko wa Barabara ulianzishwa kwa marekebisho ya 1998 ya sheria ya ushuru wa barabara ya 1985, na chanzo chake kikuu ni tozo iliyo ndani ya bei ya mafuta. Kila lita ililipiwa tozo hiyo, Kigoma kama Dar es Salaam. Kwa hiyo familia ya Kigoma iliilipia barabara mara mbili: mara moja kwenye pampu, kwa ajili ya matengenezo ambayo kwa miaka mingi yalionekana zaidi kwingine, na mara ya pili kwenye gereji, kwa shokapu, bushi, boljointi na tairi. Malipo ya kwanza yana risiti na yamo katika takwimu za taifa. Ya pili hayamo popote, na kwa sababu hayamo, Kigoma huonekana katika hesabu kama mkoa ambao barabara zake mbovu hazikumgharimu mtu. Yeyote anayetaka kupima faida ya kuchelewesha lami katika mkoa huo lazima kwanza aongeze gharama hiyo upande wa pili wa mizani.

5.0 Lami na kasi

Katika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa 2020 hali ilibadilika kwa haraka. Mitaa ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji iliwekwa lami kupitia mradi wa miji ya kimkakati uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Daraja kubwa la Malagarasi, lililopewa jina la Rais Kikwete, likafungua njia ya kuelekea Tabora. Na barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita 260, ikapata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ingetarajiwa kwamba historia yetu iishie hapo. Haikuishia.

Katika barabara ya vumbi dereva mwenye shokapu zilizokufa aliadhibiwa papo hapo. Gari lilidunda, mizigo ikagonga, naye akapunguza mwendo hadi kilomita 30 kwa saa. Njia mbovu ilikuwa ndiyo polisi. Lami iliondoa adhabu bila kuliondoa kosa. Gari lilelile, lenye shokapu zilezile zilizouawa na miaka ya makorongo, sasa linateleza kimya kwa kilomita 100 kwa saa, na dereva hana sababu ya kuhisi kasoro yoyote hadi atakapokutana na mbuzi, tuta lisilo na alama au kona za miteremko ya Manyovu. Gurudumu ambalo halikandamizwi vizuri ardhini hurukaruka, na tairi iliyo hewani haifungi breki. Umbali wa kusimama huongezeka, na gari lililojaa huyumba linapokwepa. Shokapu iliyokuwa suala la starehe na fedha imekuwa suala la uhai.

Taasisi hazijafuata badiliko hilo kwa kasi ya lami yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza gari bovu barabarani, na kila mwaka Wiki ya Nenda kwa Usalama huleta ukaguzi na stika. Lakini taa, matairi na breki huonekana kwa macho barabarani. Shokapu haionekani kwa jicho la askari aliyesimama dirishani. Kuipima kwa uhakika kunahitaji mashine ya kutikisa gurudumu au angalau fundi aliyelala chini ya gari kwa dakika chache. Ukaguzi huo ungefaa kuanza na magari madogo yanayobeba abiria kati ya Kigoma, Kasulu na Manyovu, ambayo hubeba familia nyingi kwa siku moja kuliko gari binafsi kwa mwezi.

Kwa mtafiti kuna tatizo la haraka zaidi. Ushahidi wa historia hii ni kifaa chenyewe: ufito wenye kutu upande mmoja, sili iliyochanika, bomba lenye alama ya kutobolewa na kuchomelewa zaidi ya mara moja. Shokapu iliyotolewa hukaa pembeni mwa gereji kwa wiki au mwezi, kisha wanunuzi wa chuma chakavu huipima kwa kilo pamoja na ekseli na mabati, na hupakiwa kwenye lori kwenda kuyeyushwa. Daftari za gereji, zinapokuwepo, huandikwa jina la gari na kiasi kilicholipwa, na hutupwa zinapojaa. Makavazi ya Taifa hayakusanyi vitu hivi, na sioni dalili kwamba yatavikusanya. Kazi iliyo mbele ni kuanza kupiga picha, kupima na kuandika kilichomo katika marundo hayo, gereji kwa gereji, kuanzia Gungu na Mwanga hadi Ujiji, na kuuliza kwa kila kipande kilitoka kwenye gari gani na lilikuwa linapita njia ipi.